Jeni moja ya kutu inavyomtia mkulima wa ngano hasara

MKULIMA anaponunua mbegu ya ngano inayosifiwa kustahimili kutu ya shina, huamini pesa zake ziko salama. Lakini misimu michache baadaye, shamba laweza kugeuka rangi ya matofali, mashina yakavunjika na punje zikasinyaa.

Ndivyo ilivyofanya Ug99, aina ya kutu iliyogunduliwa Uganda mwaka wa 1998 na ambayo huenezwa na upepo. Iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyotegemewa katika nchi nyingi. Mwaka wa 2006, aina nyingine ya ukoo huo ilipatikana Kenya ikiwa imeishinda Sr24 pia.

Kwa nini mbegu nzuri hushindwa?

Kutu ni kuvu. Ili ipate chakula, hupenyeza protini zake ndani ya seli za ngano ili kulegeza ulinzi wa mmea. Ngano yenye jeni ya kinga huitambua mojawapo ya protini hizo, kama mbwa anayeijua harufu ya mwizi. Seli zilizovamiwa hujiua mara moja. Kwa kuwa kutu hula seli hai pekee, hufa njaa.

Desemba 2017, watafiti wa Marekani na Australia walitangaza kuwa wamezipata jeni mbili za kutu zinazounda protini za aina hiyo, AvrSr35 na AvrSr50. Waligundua kwamba AvrSr35 ikivurugika, ngano yenye kinga ya Sr35 haimtambui adui tena. Mwizi amebadili harufu, mbwa amelala.

Kwa hivyo, badiliko katika jeni moja tu ya kutu latosha kuiangusha mbegu yenye kinga moja. Ndiyo sababu watafiti wa mbegu hukusanya kinga kadhaa katika mbegu moja. Huko Njoro, Kenya, mbegu kutoka nchi nyingi zimekuwa zikijaribiwa dhidi ya kutu tangu 2005.

Mkulima naye ana la kufanya. Anunue mbegu iliyoidhinishwa, aulize kama bado inastahimili kutu iliyopo eneo lake, na asitegemee aina moja mwaka nenda mwaka rudi. Ang'oe ngano iliyojiotea baada ya mavuno, kwani huihifadhi kutu hadi msimu ujao. Akague mashina mapema, na akiona madoa mekundu ya vumbi, anyunyize dawa ya kuvu kabla hayajaenea. Akichelewa, atalipia dawa na mavuno pia ayakose.