Istilahi za Kichwa na Ubongo katika Picha za Tiba

Lugha ya tiba imekwisha kutoka katika vyumba vya madaktari na kuingia katika ofisi na madarasa yetu. Karani wa bima, mwalimu wa biolojia na mfasiri wa ripoti za hospitali, wote hukutana na picha za ndani ya kichwa na hulazimika kuzieleza kwa Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno yahitajiwayo tunayo tayari, na kwamba tunapokosea, mara nyingi kosa si uchache wa maneno bali ni kuyatumia bila ya kuyapima.

Tuanzie Tabora. Mji huo, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kaze katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Kiswahili kilifika huko pamoja na mizigo, miaka mingi kabla ya reli kufika mwaka 1912. Huko neno la pwani lilikutana na ndugu yake wa bara: Mnyamwezi husema mutwe, watu wa Mombasa na Lamu husema kitwa, na Kiswahili sanifu husema kichwa. Mzizi ni mmoja. Mpagazi aliyeweka ngata juu ya utosi hakuhitaji kufundishwa utosi ni nini. Basi mfasiri anayemwandikia mkazi wa Tabora leo, aendaye Hospitali ya Kitete, hana sababu ya kumpa maneno ya kigeni pale ambapo yake yapo.

1. Fuvu na ngwe za ubongo

Wataalamu hugawa kila nusu ya ubongo mkubwa katika sehemu nne kuu, na kuzipa majina ya mifupa ya fuvu izifunikayo. Kwa bahati njema Kiswahili kina maneno manne ya zamani yanayolingana nazo: paji, utosi, panja na kisogo. Lililobaki ni jina la sehemu yenyewe. Kipande halifai, kwa kuwa laonyesha kitu kilichomeguka. Pande nalo huchanganywa na wingi wa upande. Sisi twapendekeza ngwe, yaani sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu kulima. Ngwe haikukatwa kutoka shambani, ila ina mpaka wake na kazi yake. Pendekezo hili lina faida nyingine: mikunjo ya ubongo yaweza kuitwa matuta, na mabonde yaliyo baina yake mifereji. Mkulima yeyote ataelewa.

2. Weupe na weusi, kuume na kushoto

Picha ya eksirei, ambayo kamusi huiita pia uyoka, huonyesha fuvu vizuri lakini haionyeshi ubongo wenyewe. Mambo yalibadilika mwaka 1971, Godfrey Hounsfield alipofanikisha mjini London picha ya kwanza ya mkato ya kichwa cha mgonjwa kwa mashine yake. Katika picha hiyo rangi si rangi ya kitu, bali ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia mionzi. Kwa kipimo chenye jina la Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Mfupa hupanda juu sana. Kwa hiyo mfupa ni mweupe, hewa ni nyeusi, na ubongo ni wa kijivu.

Hapa mfasiri ajihadhari. Damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe, ilhali sehemu ya ubongo iliyokosa damu kwa kuziba mshipa hugeuka kuwa nyeusi zaidi kadiri saa zinavyopita. Yote mawili ni kiharusi, lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumuua mwenye kuvuja damu. Ripoti isiandike kiharusi tu. Iandike kiharusi cha kuvuja damu au kiharusi cha kuziba mshipa.

Aidha, picha ya mkato hutazamwa kana kwamba mtazamaji amesimama miguuni pa mgonjwa. Mkono wa kuume wa mgonjwa huwa kushotoni mwa mtazamaji. Hatuna budi kuandika daima: kushoto kwa mgonjwa.

3. Maneno yenye kupotosha

Uvimbe. Neno hili hubeba maana mbili: kutuna kwa ubongo wote, na kitu kigeni kiotacho ndani yake. Twashauri kitenzi kitumike kwa maana ya kwanza, ubongo umevimba, na jina libakie kwa ya pili, kuna uvimbe ndani ya ubongo.

Homa ya uti wa mgongo. Jina hili limeenea na halitaondoka, lakini ugonjwa hushika tando zinazofunika ubongo na uti. Mwalimu aongeze maelezo: mchochota wa tando za ubongo na uti.

Kichwa maji. Wengine hulitumia kwa ugonjwa wa ugiligili kujaa katika vyumba vya ubongo. Lakini kichwamaji katika lugha ya kila siku ni mtu asiye na akili timamu, na Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974. Mzazi akiambiwa neno hili juu ya mwanawe, atasikia tusi badala ya ugonjwa, na huenda asirudi kliniki. Kichwa kikubwa ni afadhali kwa watoto wachanga, ila kwa mtu mzima, ambaye mifupa ya fuvu lake imekwisha kuungana, kichwa hakikui. Twapendekeza kujaa kwa vyumba vya ubongo: ndivyo picha inavyoonyesha, na hakuna wa kuonewa haya.

Muhtasari wa mapendekezo

Ngwe ya paji, ya utosi, ya panja, ya kisogo: sehemu nne za ubongo mkubwa.
Tuta na mfereji: mwinuko na bonde la uso wa ubongo.
Chumba cha ubongo: uwazi wenye ugiligili, viko vinne.
Tando za ubongo: ngozi laini zinazoufunika.

Istilahi haikamiliki hadi itumiwe. Twawaomba walimu na wafasiri, hasa walioko mikoani, wayajaribu maneno haya mbele ya wasikilizaji wao na kutuletea yale yaliyokataliwa, pamoja na sababu zake.