Daftari la Watu na Safu Zake

Anayetafuta ukoo wake nchini Sweden ana bahati ambayo wengi wetu hatuna. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji wa Kilutheri waandike kila aliyezaliwa, aliyeoa au kuolewa, na aliyekufa. Tena wachungaji hao walipita kaya kwa kaya kupima nani anajua kusoma na nani anaijua katekisimu, wakaweka alama mbele ya jina lake. Mwaka 1749 serikali ikaanza kujumlisha hesabu hizo kwa nchi nzima. Mwaka 1947 kila mkazi akapewa namba yake, na Julai 1991 kanisa likaikabidhi mamlaka ya kodi kazi yote ya usajili. Leo mtu anaweza kuulizia anwani ya mwenzake bila kutoa sababu, kwa kuwa uwazi wa nyaraka za serikali ulianza kulindwa kisheria tangu 1766. Anayefichwa ni yule tu ambaye maisha yake yako hatarini.

Japani wana daftari la aina nyingine. Kule anayesajiliwa ni familia, na mtu mmoja mmoja huonekana akiwa ndani ya familia hiyo. Orodha ya kwanza ya taifa zima iliandikwa mwaka 1872, muda mfupi baada ya serikali kutangaza kwamba matabaka ya watu waliotengwa, waliokuwa wakichinja wanyama na kutengeneza ngozi, yamefutwa. Tangazo lilifuta, lakini baadhi ya makarani hawakufuta: waliwaandika watu hao kwa majina yaliyoonyesha wazi walikotoka. Kwa karibu miaka mia moja, familia za wachumba na waajiri waliweza kuifungua orodha hiyo na kuchunguza asili ya mtu. Ilifungiwa mwaka 1968, na mwaka 1976 sheria ikabana haki ya kusoma madaftari ya familia ya wengine. Neno moja la karani lilikuwa limewafuata watu hadi kwa vitukuu.

Katika fani yetu ya kumbukumbu na nyaraka, tangu siku ya kwanza masjala tunafundishwa mambo matatu: andika kwa usahihi, usimwache mtu, weka nakala ya pili mahali pengine. Uholanzi iliyatimiza yote matatu. Tangu 1936 kila mkazi alikuwa na kadi yake katika ofisi ya manispaa, na mojawapo ya safu za kadi hiyo ilikuwa ya dini. Safu hiyo haikuwekwa kwa nia mbaya. Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani likaingia, likaikuta kazi kubwa imekwisha kufanywa. Jacob Lentz, mkuu wa usajili, ambaye aliipenda kazi yake kupita kiasi, akabuni kitambulisho kigumu sana kughushi. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa nchini humo, zaidi ya 100,000 waliuawa, kiwango kikubwa kuliko popote pengine Ulaya Magharibi. Daftari halikuwa sababu pekee, lakini liliwafikisha wauaji mlangoni.

Usiku wa Machi 27, 1943, kikundi cha wapinzani wa utawala wa Wajerumani, baadhi yao wakiwa wamevaa sare za polisi, kiliingia katika ofisi ya usajili ya Amsterdam. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo msanii Willem Arondéus na mchongaji Gerrit van der Veen. Walizimwaga kadi sakafuni, wakazitia moto na baruti. Zimamoto wakachelewa kwa makusudi, na walipofika wakamwaga maji mengi kuliko moto ulivyohitaji, ili zilizonusurika ziharibike. Hata hivyo kadi nyingi zilisalia, na Julai 1 wanaume kumi na wawili walipigwa risasi kwa kosa hilo. Mwaka uliofuata, Aprili 11, 1944, ndege za Uingereza zililipua jengo mjini The Hague lililohifadhi kumbukumbu kuu za vitambulisho, na makarani wengi wakafia kazini. Nakala ya pili, kanuni tunayoiheshimu kuliko zote, ndiyo iliyofanya ndege zihitajike.

Kwa majirani zetu safu yenyewe ilikuwa ya kabila. Wabelgiji waliiweka kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru wa 1962 zikaendelea nayo. Mkataba uliosainiwa Arusha Agosti 4, 1993 uliagiza ifutwe katika nyaraka zote rasmi. Haikufutwa. Yapata miezi minane baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, watu walidaiwa kadi, na safu hiyo ikaamua nani apite na nani auawe. Vitambulisho vilivyotolewa baada ya mauaji hayo ya kimbari havina safu hiyo.

Ndiyo maana nikisikia daftari la nchi fulani likisifiwa kwa ukamilifu wake, huuliza kwanza lina safu zipi, nani anaruhusiwa kuzisoma, na kila moja inamsaidia nini aliyeandikwa humo. Isiyo na jibu la swali hili la mwisho ifutwe mapema, wakati bado kuna amani.

Sisemi watu wasiandikwe. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa miongo mingi bila vitambulisho, hadi walipofunga safari kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao. Asiyekuwamo daftarini hafungui akaunti benki wala hasajili laini ya simu, na mtoto wake huanza maisha na tatizo lilelile.

Wanubi wa Kenya wanayajua yote mawili. Wamehangaikia vitambulisho kwa miaka mingi, na jumuiya yao ya haki, Nubian Rights Forum, ilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuupinga mfumo wa kitaifa wa usajili wa watu, Huduma Namba. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu iliuruhusu mfumo huo uendelee kwa masharti ya kisheria, lakini ikakataza kuchukua vinasaba vya watu na kurekodi kwa setilaiti mahali hasa zilipo nyumba zao. Watu walioachwa nje ya daftari muda wote huo ndio waliosimama kulidai liwe na mipaka.