Shimo, tundu au pengo? Fizikia yadai neno mwafaka

Mahali palipokosa elektroni tupaiteje kwa Kiswahili: shimo, tundu au pengo? Naamini swali hili linatuhusu sisi wapenzi wa lugha sawa na wanafizikia.

Mnamo 1986, Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa Uswisi, waligundua oksidi ya shaba inayopitisha umeme bila ukinzani wowote. Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine inayofanya hivyo ikipozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri. Hivi ndivyo vipitishi vikuu vya 'joto la juu'. Jina lisikuhadae, joto lenyewe ni la kulinganishwa na vilivyotangulia, vilivyohitaji baridi kali zaidi!

Aghalabu kinachosafirisha umeme humo ni elektroni zinazokosekana. Atomi ikipokonywa elektroni, ya jirani husogea kujaza nafasi, nako ilikotoka kukabaki wazi. Hebu fikiria matatu: abiria wa mbele akishuka, wa nyuma husogea, na kiti kitupu 'kikarudi' nyuma.

Sasa, shimo huchimbwa na tundu hutobolewa. Pengo ni ukosefu wa kitu kilichostahili kuwapo, mathalani jino. Mimi nachagua pengo.

Je, kisichokuwapo huonekanaje? Eksirei hutawanywa na elektroni zote, na kwa kuwa mapengo ni machache, ishara yao humezwa. Watafiti basi huteua eksirei zenye nishati inayooana na atomi za oksijeni, ambako mapengo mengi hukaa, mithili ya kutafuta stesheni redioni. Hapo ishara ya mapengo hupaa, na pembe zinakotawanyikia eksirei hufichua mpangilio wake.

Kwa mbinu hii, Peter Abbamonte na wenzake walionyesha mnamo 2005 kuwa katika oksidi ya shaba yenye lanthani na bari, mapengo hujipanga kwa mistari. Hilo hutokea panapokuwa na takriban pengo 1 kwa kila atomi 8 za shaba, kiwango kile kile ambacho upitishaji mkuu hudhoofika mno. Mistari hiyo ni adui au mshirika wake? Mjadala ungalipo.

Mwanafunzi anayewazia shimo lililochimbwa atashangaa likitembea na kupiga foleni. Atadhani fizikia ndiyo ngumu, kumbe ni neno tulilompa lililompoteza njia.