Kitabu cha Majibu: Kisaidie Kufundisha, Kisiwe cha Kunakili

Vikundi vingi huchanga karo ili kijana mmoja aende kusoma ufundi wa ujenzi. Huko atakutana na statiki, yaani hesabu ya nguvu zinazoshikilia kitu kisianguke: boriti, nguzo, paa, daraja. Somo likiwa gumu, wengi hununua kitabu cha majibu, chenye maswali yaliyofanywa hatua kwa hatua. Kitabu si kibaya. Ubaya ni kunakili. Anayenakili husema, "Nimeelewa," lakini ukimfungia kitabu anakwama.

Tuchukue mfano. Watu wawili wanabeba gunia la mahindi la kilo 90 kwa mti wa mita 3. Gunia linaning'inia mita 1 kutoka kwa yule wa mbele. Kila mmoja amebeba kilo ngapi? Uzito wa mti tuuache.

Mwanafunzi afanye hivi:

1. Afunge kitabu, achore kwanza: mti peke yake, mshale mmoja wa gunia kwenda chini, miwili ya mabega kwenda juu. Makosa mengi huanzia kwenye mchoro.

2. Ajaribu mwenyewe kama dakika 20.

3. Akikwama, asome ule mstari uliomshinda tu, kisha afunge tena. Hapa ataona: ukipima kutoka bega la mbele, gunia ni 90 mara 1. Wa nyuma yuko mita 3, kwa hivyo 90 gawanya kwa 3: kilo 30. Wa mbele amebeba 60.

4. Ahakikishe: 30 na 60 ni 90. Hata kitabu cha majibu huweza kuwa na makosa ya chapa.

5. Kesho yake arudie kwa karatasi tupu. Halafu abadilishe swali: je, gunia likisogezwa katikati?

Kwa nini tujali? Maji ya lita 1000 yana uzito wa kilo 1000. Siku kijana atakapojengea kikundi jukwaa la tangi, hakuna kitabu chenye jibu lake. Akigawa uzito nusu kwa nusu, na tangi limekaa upande mmoja, nguzo moja italemewa. Na chini yake akina mama na watoto wanachota maji.

Basi, akija likizo, mwambieni awaeleze hesabu ya gunia bila kitabu. Kisha chukueni mti na gunia mjaribu. Mabega yenu yatawaambia kama amesoma.