Kutembea kwa Miguu Katika Pwani za Unguja

Kisiwa cha Unguja kimo katika Bahari ya Hindi, nacho kimekabiliana na pwani ya Tanzania Bara. Mlango wa bahari ukitengao kisiwa hiki na bara una upana wa maili 22 hivi mahali palipo pembamba. Urefu wa kisiwa, toka kaskazini hata kusini, ni kama maili 53, yaani kilometa 85. Na upana wake, mahali palipo papana, ni kama maili 24. Si kisiwa kikubwa sana, lakini mtu atakaye kukizunguka kwa miguu, akifuata ukingo wa bahari, atahitaji siku nyingi. Maana pwani zake zina hori na rasi nyingi, na kila upande una tabia yake.

Watu wengi wa bara wasikiapo habari za pwani hudhani kuwa ni mahali pa mchanga mweupe tu, pasipo kazi ila kupunga upepo. Sivyo hata kidogo. Pwani ni njia, tena ni shamba, tena ni mahali pa hatari kwa mtu asiyeyajua maji. Neno lenyewe linafundisha. Maji ya bahari yaondokapo ufukoni husemwa kwamba yanapwa, na mahali yalipopwa ndipo panapoitwa pwani. Kwa hiyo mwenye kutaka kutembea pwani hana budi kufahamu kwanza habari za kupwa na kujaa.

KUPWA NA KUJAA

Maji ya bahari huvutwa na mwezi na jua. Jua ni kubwa kupita mwezi, lakini li mbali sana. Kwa hiyo nguvu za mwezi juu ya maji huzidi. Katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Toka kujaa hata kupwa ni saa 6 na dakika chache. Kwa sababu ya zile dakika 50, wakati wa maji hubadilika kila siku. Yakipwa leo saa 4 asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa 5 kasoro dakika 10.

Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja, na nguvu za jua na za mwezi huungana. Hapo huja siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katika Unguja, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa hufika kama mita 4, nacho ni kimo kupita cha watu wazima wawili, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Lakini mwezi uwapo nusu, jua na mwezi huvuta pande mbalimbali, na maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo huitwa maji mafu.

Katika Unguja siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na tena saa 4 usiku. Nayo hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri. Basi mwenyeji akitazama mwezi usiku, ajua kesho atakwenda pwani saa ngapi.

HESABU YA MABAHARIA

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mabaharia wana hesabu yao. Hugawanya kimo chote cha maji katika mafungu 12. Katika saa ya kwanza hupanda fungu 1. Katika saa ya pili mafungu 2. Ya tatu mafungu 3. Ya nne mafungu 3. Ya tano mafungu 2. Na ya sita fungu 1.

Na tuseme kimo ni mita 4. Katika saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 33 tu, yasifike magotini. Mtu aliyeko mbali ataona kuwa yanakwenda polepole, naye atajiambia kuwa muda ungalipo. Lakini katika saa ya tatu peke yake maji hupanda mita 1 nzima, na katika saa ya nne mita 1 nyingine. Yule aliyekawia kwa kudanganywa na saa ya kwanza hujikuta katikati ya maji.

Tena kuna jambo jingine. Pwani iliyopwa haikulingana kama sakafu. Mara nyingi mahali palipo karibu na mwamba wa nje huwa pameinuka, na huku nyuma, kati ya mtu na nchi kavu, pana vijito na mabonde. Maji yajapo hayamjii mtu kutoka mbele tu. Huzunguka na kuyajaza mabonde yale ya nyuma kwanza. Mtu huwa amesimama pakavu, akiokota simbi, kumbe njia ya kurudi imekwisha zama. Ndiyo sababu wanawake wa pwani, waendao mwambani kutafuta pweza, hawangoji kuona maji yamefika miguuni. Maji yageukapo tu, nao hugeuka.

PWANI YA MASHARIKI

Kwa kutembea hakuna mahali pazuri kupita pwani ya mashariki, toka Bwejuu kwenda Paje, na toka Paje kwenda Jambiani, hata kufika Makunduchi. Upande huu umekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko, na mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjika pale. Ndani ya mwamba maji ni machache na matulivu. Yapwapo siku za bamvua, mtu aweza kutembea kuelekea baharini muda mrefu asilowe zaidi ya magoti.

Mchanga wa huku ni mweupe na laini mno. Haukutoka milimani kama mchanga wa mito ya bara. Umetoka baharini: ni vipande vya matumbawe, na magamba ya konokono na chaza, vilivyosagwa na mawimbi kwa miaka mingi. Na samaki aitwaye pono ana sehemu yake katika kazi hiyo. Pono hutafuna matumbawe kwa meno yake yenye nguvu apate chakula kilichomo, kisha hutoa tumbawe lililosagika kuwa mchanga.

Atembeaye hapa maji yakiwa yamepwa ataona mistari ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, na kamba zimefungwa toka kijiti hata kijiti. Hayo ndiyo mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza katika Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani katika kamba, huviacha vikue majini kwa majuma machache, kisha huvuna na kuanika. Mwani mkavu hupelekwa nchi za ng'ambo, nao hutolewa kitu kama utomvu kinachotiwa katika dawa ya meno, vyakula na dawa. Bahari ikizidi kupata joto, mwani hudhoofika na kuoza, hasa ile aina yenye bei kubwa. Basi msafiri asikanyage kamba hizo wala kupita katikati yake ovyo, maana kila kamba ni jasho la mtu.

Karibu na ufuko huonekana pia marundo ya mawe yaliyofunika mashimo. Chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi. Hukaa miezi mingi yakilowa maji ya chumvi mpaka yalainike. Kisha wanawake huyafukua, huyaponda kwa magongo, hutoa usumba, na kuusokota kuwa kamba.

WANYAMA WA MAJI MACHACHE

Katika vidimbwi vilivyobaki baada ya maji kupwa hukaa viumbe wengi. Wako kaa wa rangi nyingi, jongoo wa bahari waliolala mchangani, na viti vya pweza vyenye mikono mitano. Pweza mwenyewe hujificha katika tundu la mwamba, akijigeuza rangi afanane na jiwe. Mwindaji mwenye macho humtambua kwa magamba aliyoyatupa mlangoni pake.

Simbi pia huokotwa huku. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Kijerumani walinunua simbi nyingi Unguja, wakazipeleka kwa meli Afrika ya Magharibi, ambako watu walizitumia kama fedha.

Lakini si kila kizuri ni cha kushikwa. Yuko konokono wa bahari mwenye umbo kama pia, gamba lake limepambwa kwa madoa mazuri. Naye ana mwiba wenye sumu iwezayo kumwua mtu. Yuko samaki afananaye na jiwe kabisa, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Hulala kimya chini ya maji machache. Na wako wanyama weusi wa mviringo, wenye miiba mirefu kama sindano, ambayo hukatikia ndani ya nyama ya mguu. Taa naye hujifukia mchangani, na mkia wake una mwiba. Kwa hiyo mwenye akili hatembei majini miguu mitupu. Huvaa viatu vya soli ngumu, hushika fimbo, na huburura miguu polepole ili taa apate kukimbia. Aliyechomwa na samaki wa jiwe au taa atiwe mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, bila kumwunguza, kisha apelekwe hospitali upesi.

KUSINI NA KASKAZINI

Upande wa kusini pwani hubadilika. Karibu na Mtende na Kizimkazi, mahali pengi nchi huishia baharini kwa majabali ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo mawimbi yameyachimba chini hata yakawa kama paa za nyumba. Fuko ndogo za mchanga zimo katikati ya majabali hayo, na maji yakijaa mchanga hupungua sana. Atembeaye chini ya jabali lazima ajue mapema mahali pa kupandia. Akichelewa, mbele yake ni maji na nyuma yake ni ukuta. Kizimkazi Dimbani uko msikiti wa kale sana, wenye maandishi ya Kiarabu cha Kikufi yaliyoandikwa mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107.

Kisiwa kidogo cha Uzi kiko karibu na Unguja Ukuu. Kwa vizazi vingi watu wake walivuka kwa miguu maji yalipopwa, wakifuata njia ya mawe kati ya mikoko. Maji yalipojaa, njia ilizama, na mwenye haraka alingoja kama asiye na haraka.

Kule Chwaka, katika hori kubwa ya mashariki, mikoko na matope humzuia mtembezi, naye hulazimika kuzunguka. Lakini mikoko si adui. Mizizi yake huzuia ardhi isichukuliwe na maji, na watoto wa samaki hukua humo. Mwisho wa kaskazini ni Nungwi, ambako mafundi huunda mashua na majahazi ufukoni. Huko maji hayaendi mbali kama mashariki, kwa kuwa kina kimekaribia nchi kavu.

DESTURI NJEMA ZA MTEMBEZI

Mtembezi na aanze safari maji yakiwa yanapwa, na awe amerudi ufukoni kabla hayajageuka sana. Achukue maji ya kunywa na kofia, maana mchanga mweupe huakisi jua na kumchoma mtu toka chini. Amwulize mwenyeji habari za maji na njia. Wazee wa kijiji wanajua kila jito na kila tundu. Apitapo karibu na nyumba, atoe salamu na kuvaa nguo za heshima. Asisimame juu ya matumbawe yaliyo hai, kwa kuwa tawi lililovunjwa kwa hatua moja huchukua miaka mingi kumea tena. Asibebe konokono walio hai. Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mgeni naye aiheshimu amri hiyo. Pweza hukua upesi, na mwamba uliopumzishwa huwalipa watu wake.

Wazee husema, “Maji yakijaa hupwa.” Kwa mwenye taabu ni neno la kumfariji. Lakini kwa mtu asimamaye mwambani, mbali na nchi kavu, neno hilo lina upande wa pili: maji yakipwa hujaa, wala hayamngoji mtu.

MASWALI

1. Neno “pwani” limetokana na neno gani?
2. Kwa nini saa ya kupwa leo si saa ya kupwa kesho?
3. Kama kimo cha maji ni mita 3, maji yatapanda kiasi gani katika saa ya kwanza? Na katika saa ya tatu?
4. Mtu aliyesimama pakavu karibu na mwamba wa nje aweza kuzingirwa na maji kwa namna gani?
5. Taja kazi tatu wanazofanya watu wa pwani ya mashariki, ueleze moja vizuri.