Saizoni C: mkulima na ndege wanakutana katika maré

Mvua ikishakatika mwezi wa tano, milima ya Kivu inaanza kukauka na macho ya wakulima yanateremka bondeni. Ni saizoni C. Kule juu udongo umeshakuwa mgumu, lakini katika maré kuko bado unyevu. Tunachimba mifereji, tunatoa maji, tunapanda maharagwe, viazi, kabichi na mahindi. Kwa familia nyingi, mavuno ya maré njo inavusha watoto mpaka saizoni A, tena njo inalipa masomo mwezi wa tisa.

Miezi ile ile, kuko mgeni anayefika katika maré ile ile. Kwa Kifaransa wanamwita crabier blanc. Wataalamu wanamwita Ardeola idae. Ni wa jamii ya yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Anazaa Madagaska na katika visiwa vichache vya karibu. Huko, wakati wa kuzaa, ni mweupe mwili mzima na mdomo wake ni wa buluu. Akimaliza kulea, anavuka bahari, na kati ya mwezi wa tano na wa kumi anakaa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo, pamoja na nchi zingine za jirani.

Akiwa kwetu ameshavua nguo ya sikukuu. Mgongo ni kahawia, shingo na kifua vina michirizi, na akisimama kimya kando ya maji utadhani ni bonge la udongo. Akiruka tu, mabawa meupe yanaonekana. Tena kuko ndugu yake wa hapa Afrika anayefanana naye sana, kwa hiyo wengi wamemwona bila kumtambua. Chakula chake ni samaki wadogo, vyura na wadudu.

Wataalamu wanakadiria kwamba wote waliobaki duniani ni kati ya 2000 na 6000. Ni kama watu wa soko moja, siku ya soko. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Nyumba mbili, ndege mmoja

Ndege wa namna hii ana nyumba mbili. Kule Madagaska, shida zake tunazielewa, juu zinafanana na za kwetu: maré zinageuzwa mashamba ya mpunga, na watu wanachukua mayai na makinda kwa kula. Huku kwetu anakuta maré imekauka, mafunjo yamechomwa, na pengine maji yameingia dawa kali.

Tuseme wenzetu wa Madagaska walinde kila yai. Kama huku hakuna pa kula, wale makinda hawatarudi kule kuzaa. Na sisi tukilinda maré zetu zote, lakini kule wakiendelea kuchukua mayai, hakuna atakayekuja. Kazi ya upande mmoja inaharibiwa na upande mwingine. Njo maana nchi zilikaa pamoja.

Mapatano ya kwanza yaliwekwa sahihi tarehe 2 mwezi wa pili 1971, katika mji wa Ramsar, Iran. Yanahusu maré, maziwa, mito na bahari za pembeni. Congo yetu iliingia 1996, ikaandikisha Hifadhi ya Virunga, ambamo kuko ufuko wa ziwa Edward, na hifadhi ya mikoko pale mto Congo unapoingia baharini. Mwaka 2008 ikaongeza eneo la Ngiri-Tumba-Maindombe, lenye zaidi ya hekta milioni 6, moja kati ya maeneo makubwa kabisa ya mapatano hayo duniani. Mwaka 2017 ikafuata bonde la Lufira, Katanga.

Mapatano ya pili yanahusu ndege wenyewe, wale wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Yanaitwa AEWA. Yalikubaliwa La Haye mwaka 1995, yakaanza kazi 1999, na yanagusa aina 255 za ndege. Chini ya mapatano hayo, mpango wa kumwokoa crabier blanc ulitolewa 2008, ukiunganisha nchi anazozaa na nchi anazopumzika.

Mapatano haya hayana askari. Yanaomba serikali zihesabu ndege, zilinde mahali pao na zipange kazi kwa pamoja. Lakini karatasi ya La Haye haijui mfereji wetu unapita wapi. Anayejua ni komite ya koperative, siku inagawa viwanja vya saizoni C.

Rugezi: maré ilipokauka, umeme ulikatika

Mfano wa karibu uko kaskazini ya Rwanda. Mipaka yetu iko na maumivu yake, kila mtu anajua, lakini somo la maji halichagui upande.

Maré ya Rugezi iko na hekta 6700 hivi. Maji yake yanateremka ziwa Burera, halafu ziwa Ruhondo, na katikati kuko santrali ya umeme ya Ntaruka. Kwa miaka mingi watu walichimba mifereji ndani ya Rugezi ili walime. Miaka ya 2003 na 2004, ziwa Burera lilishuka sana na umeme wa Ntaruka ukapungua vibaya. Sababu zilikuwa nyingi: ukame, santrali yenyewe kutotunzwa vizuri, na maré kukauka. Maré ni kama sifongo: inameza maji wakati wa mvua, inayatoa pole pole wakati wa jua. Ukikata sifongo kwa mifereji, maji yanapita haraka, halafu hakuna tena.

Serikali ikasimamisha kulima ndani ya maré. Milimani watu wakatengeneza matuta na kupanda miti, ili udongo usiteremke. Maji yalirudi. Mwisho wa 2005 Rugezi ikaingia katika orodha ya Ramsar. Leo ni moja kati ya makao makubwa ya korongo taji katika nchi ile.

Lakini hadithi haiishii pazuri kwa wote. Waliokuwa wanalima ndani walipoteza mashamba, na uzito ule uliwaangukia kwanza maskini, wale wasiokuwa na shamba lingine mlimani. Koperative yoyote inayosikia habari ya Rugezi ikumbuke pande zote mbili.

Korongo taji na mbegu zetu

Korongo taji, Wanyarwanda wanamwita umusambi. Ni yule mrefu mwenye taji ya dhahabu kichwani. Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Huyu havuki bahari. Anahama karibu karibu, akifuata maji na chakula, na mpaka wa nchi kwake si kitu. Naye yuko katika orodha ya IUCN ya walio katika hatari tangu 2012: katika miaka 45 hivi, zaidi ya nusu yao wametoweka.

Sababu ya kwanza ni makao. Anajenga kiota chini, katika majani marefu yaliyozungukwa na maji, anataga mayai mawili au matatu, anayalalia karibu mwezi mzima. Maré ikikauka, mbwa na watoto wanafika kwenye kiota kwa miguu. Sababu ya pili ni biashara: watu wanakamata makinda kwa kuwauza, wawe pambo katika bustani za wenye pesa.

Rwanda, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwatoa mabustanini. Zaidi ya 150 walirudishwa katika Hifadhi ya Akagera. Watu wa vijiji wakapewa kazi ya kulinda maré, ikiwa pamoja na Rugezi. Hesabu ya 2017 ilikuta ndege 487 porini. Ile ya 2022 ikapita 1000. Kumbe inawezekana.

Sasa tuseme wazi kile wakulima wanasema: ndege huyu anakula mbegu. Ni kweli. Anafukua mahindi, maharagwe na karanga zilizopandwa karibuni. Anakula pia wadudu na minyoo, lakini mama aliyepoteza mistari kumi ya mahindi hatafurahi kuambiwa habari ya minyoo. Hatari kubwa ni ile wiki ya kupanda mpaka mmea ushike. Siku zile zinaombwa zamu ya kulinda, watu wazima kwa zamu, wala si mtoto aliyeacha masomo. Kutega dawa ya sumu ni njia mbaya: inaua ndege, inaua kuku wa jirani, inashuka ndani ya maji tunayochota.

Koperative inaweza kufanya nini

1. Gawa maré katika sehemu tatu kabla ya saizoni kuanza. Pembeni, karibu na mlima, ni shamba. Katikati ni majani ya kukata kwa ng'ombe na mikeka. Moyo wa maré, pale maji hayakauki, uachwe na mafunjo yake. Hapo njo samaki wanazaa na ndege wanajificha.

2. Usitoe maji yote. Udongo mweusi wa maré ni majani yaliyooza nusu, kwa miaka mingi sana. Ukikaushwa kabisa unashuka, unakuwa kama makaa, na unaweza kushika moto chini kwa chini. Mavuno ya kwanza yanapendeza, ya baadaye mara nyingi yanapungua. Weka vizuizi vidogo katika mifereji, ufungue unapopanda, ufunge mavuno yakiisha.

3. Katazeni moto. Mafunjo yakatwe kwa zamu, sehemu moja mwaka huu, sehemu nyingine mwaka kesho.

4. Tunzeni mlima. Udongo unaoteremka unajaza maré na kuziba mifereji. Matuta na majani ya kukinga mmomonyoko kule juu yanalinda shamba la chini.

5. Hesabuni. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji inafanywa kila mwezi wa kwanza tangu 1967, na Afrika kuko pia ile ya mwezi wa saba. Hii ya mwezi wa saba njo inaweza kumkuta crabier blanc, juu mwezi wa kwanza yuko kwao Madagaska. Daftari moja, kalamu, na vijana wawili wenye macho mazuri wanatosha kuanza.

6. Ulizeni kabla ya kukubali. Mradi wa ndege ukifika kijijini, komite iulize: wale watakaoacha kulima katika moyo wa maré watapata nini, lini, na nani anaandika? Kama ni mjane ambaye kiwanja chake kiko pale katikati, apewe kwanza kiwanja pembeni. Sheria ambayo mzigo wake unabebwa na mtu mmoja haidumu; usiku atarudi na jembe.

Mkutano mkuu wa wanamemba hufanywa kabla ya kugawa viwanja. Mwaka huu, ndugu wakulima, wekeni neno moja zaidi katika ajenda: mstari wa mwisho wa shamba utapita wapi? Mpandeni miti au vigingi pale mlipokubaliana, wote wakiwepo, wanawake na vijana pia, na mwandishi aandike katika daftari. Nchi zimeshaweka sahihi zao. Mstari ule ndani ya maré, ni ninyi wenyewe mtauchora.