Uhakiki wa Kazi Isiyokamilika: Mfano wa Kiini cha Linux

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Methali hii humfariji anayeanza, lakini haimfunzi msikilizaji namna ya kuipima lele yenyewe. Je, mhakiki aipokeeje kazi ambayo mwenyewe ameileta huku akikiri kuwa haijakamilika? Swali hili humkabili msimamizi anayesoma sura ya kwanza ya tasnifu. Humkabili vilevile mtaalamu wa tarakilishi anayeletewa programu changa ya kuendesha kifaa kipya. Makala haya yanalijadili kwa kurejelea ujenzi wa kiini cha Linux. Hoja kuu ni kwamba kazi changa haipimwi kwa wingi wa yanayokosekana. Hupimwa kwa uthabiti wa yaliyomo, kwa ukweli wa mwandishi kuhusu mapengo yake, na kwa kuangalia iwapo itawafunga mikono watakaoiendeleza.

Ufafanuzi wa Istilahi

Kiini ni programu inayounganisha maunzi, yaani sehemu za tarakilishi zinazoshikika, na programu nyingine zote. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Ni programu huria: yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Simu za Android hutumia kiini hiki, kwa hivyo wasomaji wengi wa makala haya wanacho mfukoni.

Kila kifaa huhitaji kiendeshi, yaani sehemu ya programu inayojua lugha ya kifaa hicho. Anayetaka kuongeza kiendeshi huandika kiraka, ambacho ni orodha ya mistari ya msimbo itakayoongezwa au kuondolewa, kisha hukipeleka kwa mtunzaji wa sehemu husika. Mtunzaji na wenzake hukisoma hadharani, huuliza maswali, na aghalabu hukirudisha kwa mwandishi zaidi ya mara moja.

Faida na Hatari ya Kuwahi

Mjenzi anayejificha hadi amalize nyumba huenda akaambiwa kuwa msingi wenyewe ni mbovu. Ndiyo maana ipo desturi ya kuwasilisha kiraka mapema kikiwa na alama ya ombi la maoni. Mwaka 2016, wahandisi wa kampuni ya AMD walileta kwa njia hiyo msimbo mkubwa wa kuendesha viwambo, wenye takriban mistari laki moja. Mwezi Desemba mwaka huo, Dave Airlie, mtunzaji wa sehemu ya michoro, alikataa kuupokea. Tatizo halikuwa uchache wa vipengele. Msimbo huo ulikuwa na tabaka lake lenyewe lililosimama kati ya kiini na kifaa, na tabaka la aina hiyo huwatatiza watunzaji wengine wanapotaka kurekebisha kiini kizima. Kampuni iliusuka upya, nao ukaingia katika toleo la 4.15 la Januari 2018, ukiwa bado na orodha ya marekebisho yaliyosalia. Ni bayana basi kuwa kilichozuia kazi hiyo mwanzoni ni muundo; upungufu wenyewe ulivumilika.

Mfano wa Tarakilishi za Apple

Novemba 2020, kampuni ya Apple ilitangaza tarakilishi zenye kichakataji cha M1. Mapema mwaka 2021, Hector Martin aliwasilisha viraka vya kwanza vya mradi wake wa kukiwezesha kiini cha Linux kufanya kazi katika mashine hizo. Yaliyomo yalikuwa machache: kiini kiliweza kuwaka, kupokea ishara kutoka kwa vifaa, na kuonyesha maandishi. Diski ya ndani, mtandao usiotumia waya na uharakishaji wa michoro havikuwamo. Mtumiaji wa kawaida asingefaidika na lolote.

Mhakiki wa haraka angeuliza, "Hiki kitamfaa nani?" Waliovisoma viraka hivyo waliuliza maswali mengine. Je, kuna kinachoweza kutumiwa tena? Kwa upande wa kutuma maandishi, kiendeshi kilichokuwapo cha vifaa vya Samsung kilipanuliwa, badala ya kuandikwa kingine. Je, upekee wa maunzi haya uelezwe wapi? Vifaa vingi vya M1 vilidai kwamba kila maandishi yanayopelekwa kwao yathibitishwe kabla ya kichakataji kuendelea, kinyume na desturi iliyokuwapo. Baada ya mjadala, njia ya jumla iliongezwa katika kiini, ili kila kiendeshi kisibuni hila yake. Kazi hiyo iliingia katika toleo la 5.13 la Juni 2021, na mengine yakajengwa juu yake.

Wahakiki huwa wakali pia kuhusu majina yanayotumiwa kukieleza kiini maunzi yalivyo. Yakishasambaa, hayabadiliki kwa urahisi, kwani mashine zilizokwisha kuuzwa huyategemea. Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Maneno tarakilishi, ngamizi na kompyuta yangali yanaishi pamoja, wala hakuna awezaye kuliondoa mojawapo kwa amri.

Uwanja wa Maandalizi

Mwaka 2008, Greg Kroah-Hartman alianzisha ndani ya kiini uwanja maalumu wa viendeshi visivyofikia kiwango. Kila kimoja hutakiwa kuja na orodha ya yanayobakia kufanywa, na kikitumiwa, kiini hujitia alama ya kumtahadharisha mtumiaji. Hata hivyo, kupokelewa huko si kuhifadhiwa milele. Viendeshi vya Android vilivyowekwa humo viliondolewa mwaka 2010 kwa kukosa wa kuvishughulikia, vikarejea mwaka 2012 walipopatikana wa kuvitunza. Ahadi ni deni, na katika uwanja huu deni lisilolipwa hufutwa pamoja na mdaiwa.

Hitimisho

Imebainika kuwa mhakiki wa kazi changa hukabiliwa na makosa mawili. Akiikataa kwa sababu tu haijatimia, humvunja moyo mwandishi na kuwanyima wengine msingi wa kujengea. Akiikubali kwa kuitegemea ahadi, huenda akabaki na mzigo ambao mwenyewe ameshautua na kwenda zake. Njia ya katikati ni kudai kwamba kilichopo, hata kikiwa kidogo, kiwe sahihi. Kwamba kisichopo kitajwe waziwazi. Na kwamba ajulikane atakayeendelea. Mhakiki naye ana wajibu wa kujibu mapema, na kwa sababu zinazoeleweka. Viraka vya M1 vilipata majibu ya namna hiyo vikiwa bado haviwezi hata kusoma diski, na ndiyo maana waliofuata walipata pa kusimama.